Kuvuka Dar es Salaam salama kwa usafiri wa umma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ofisi, masoko makubwa na hospitali za rufaa bado zimerundikana upande mmoja wa jiji, huko Posta, Kariakoo na Upanga, huku watu wakizidi kujenga Mbezi, Bunju, Chanika, Mbagala na Kigamboni. Kwa hiyo kila asubuhi jiji zima linaelekea upande mmoja, na jioni linarudi. Maswali yafuatayo huulizwa na wageni kutoka mikoani, wazazi wa wanafunzi, na hata wenyeji waliohamia mtaa wasioujua. Msimamo wangu niuseme mapema: abiria wa Dar huwa hatarini zaidi anapopanda na anaposhuka, na kinachomponza ni haraka. Majibu mengi hapa yanarudi kwenye jambo hilo.

Nimeshuka stendi ya Magufuli, Mbezi, na ni mara yangu ya kwanza Dar. Nianzie wapi?

Anza kwa kukaa chini. Stendi hii ilifunguliwa Februari 2021 kuchukua nafasi ya ile ya Ubungo, na ina mahali pa kukaa, vyoo na sehemu za kula. Tangu 2023 mabasi ya mikoani yanaruhusiwa kusafiri usiku, kwa hiyo unaweza kujikuta umefika saa nane za usiku. Kama hakuna ndugu aliyekuja kukupokea, subiri ndani ya stendi, penye taa na watu, mpaka kupambazuke. Hakuna shughuli mjini inayokudai saa hizo.

Ukiteremka tu watakuzunguka. "Bosi, unaenda wapi?" "Mama, lete nikusaidie mzigo." Wengi wao wanatafuta riziki halali, lakini huwezi kujua nani ni nani, na begi likishatoka mkononi mwako umelazimika kumfuata aliyelibeba. Kataa kwa upole, ushike mzigo wako, usogee pembeni. Njia ukitaka kuuliza, muulize mtu aliye kazini kwake: mama lishe, muuza vocha, mkatisha tiketi, askari. Msalimie kwanza, na kama ni mtu mzima mpe shikamoo yake. Aliye na kibanda chake atakujibu na kuendelea na kazi. Anayeacha shughuli zake ili akusindikize, mshukuru na ubaki ulipo.

Kisha mpigie mwenyeji wako umwulize mambo matatu: jina kamili la kituo cha kushukia, maandishi ya mbele ya gari la kupanda, na kitu kikubwa kinachoonekana ukikaribia kituo. "Njoo Tabata" haitoshi, maana kuna Tabata Relini, Tabata Bima, Tabata Kimanga na Tabata Segerea. Kimara nayo ina Mwisho, Korogwe, Bucha na Baruti. Ukikosea kituo kimoja tu utajikuta unatembea na mzigo mtaa usioujua.

Nitajuaje daladala ipi inakwenda ninakokwenda?

Soma mbele ya gari. Kuna majina mawili, mwanzo wa njia na mwisho wake, na mara nyingi jina la barabara linalopita. Hilo la tatu ndilo wageni hulisahau. Magari mawili yanaweza kutoka Gongo la Mboto, moja likapita Barabara ya Mandela kupitia Buguruni kwenda Ubungo, jingine likaingia mjini kwa Barabara ya Nyerere au Uhuru. Kama unakwenda katikati ya njia, jina la barabara lina maana kuliko jina la mwisho wa safari. Rangi ya mstari ubavuni pia inaonyesha ruti, na wenyeji huitambua gari likiwa bado mbali.

Hata ukishasoma, muulize konda kabla hujaweka mguu ndani: "Mnafika Mwenge?" Uliza hivyo hivyo, kwa jina la kituo chako. Ukimwuliza "mnaenda wapi?" atakutajia anakotaka abiria, na jioni jibu hilo hubadilika kila foleni inapobadilika.

Nauli ni kiasi gani, na nilipe lini?

Nauli hupangwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini. Kwa viwango vilivyotangazwa mwishoni mwa 2023, safari ya daladala isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600, na mwanafunzi akabaki kulipa 200. Njia ndefu zina nauli kubwa zaidi. Kiwango cha ruti hutakiwa kuandikwa kwenye gari, kwa hiyo kisome, kwa sababu viwango hubadilika.

Lipa gari likishaondoka, konda akikufikia. Kuwa na hela ndogo mfuko wa mbele tangu unatoka nyumbani. Sababu ya kwanza ni chenji: ukitoa noti ya elfu kumi asubuhi, unaweza kushuka unaidai. Sababu ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza: anayefungua pochi kwenye gari lililojaa amewaonyesha watu wote pesa yake ilipo.

Mwendokasi inatumikaje?

Njia ya kwanza ya mabasi haya yaendayo haraka, yenye njia yao peke yao, ilianza kubeba abiria Mei 2016. Inatoka Kimara kwa Barabara ya Morogoro hadi Kivukoni, ina tawi la Magomeni kwenda Morocco kwa Barabara ya Kawawa, na jingine la Fire kwenda Gerezani, Kariakoo. Njia ya Barabara ya Kilwa kwenda Mbagala ilifuata 2025. Nyingine, za Nyerere kuelekea Gongo la Mboto na Bagamoyo kuelekea Tegeta, zimekuwa zikijengwa. Unalipa kituoni kabla ya kupanda, na malipo yamekuwa yakihamia kwenye kadi. Anayesafiri kila siku aitafute kadi, maana itamwondoa kwenye foleni ya dirishani.

Sikiliza tangazo au soma kioo cha mbele: kuna mabasi yanayosimama kila kituo na mengine yanayoruka. Ukipanda la Gerezani ilhali unakwenda Posta, shuka Fire ubadilishe, usiogope.

Basi likisimama, sakafu yake inalingana na jukwaa, jambo ambalo ni neema kubwa kwa wazee na watu wa viti vya magurudumu. Hata hivyo kati ya basi na jukwaa hubaki uwazi, na wakati wa kusukumana miguu huteleza humo. Usisimame ukingoni ukisubiri. Mlango ukifunguliwa waache wanaoshuka washuke, hata kama nyuma yako wanakusukuma. Basi likijaa, acha liende. Najua kauli hii inaudhi kwa mtu aliyesimama Kimara tangu saa 12 asubuhi, lakini kuning'inia mlangoni hakukufikishi mapema kuliko aliye ndani.

Kwa nini mnasema kuvuka barabara ya mwendokasi ni hatari kuliko barabara nyingine?

Kwa sababu mtu anavuka barabara tatu akidhani ni moja. Kwanza kuna magari ya kawaida ya upande wako. Katikati kuna njia mbili za mabasi, zinazokwenda pande tofauti. Kisha magari ya kawaida ya upande wa pili. Mtu anaangalia magari yamesimama kwa foleni, anapita katikati yake, anatokeza kwenye njia ya mabasi iliyo tupu, na basi linakuja kwa kasi kwa kuwa halina foleni. Dereva hakumwona, kwa sababu lori lilimficha.

Vuka penye taa au pundamilia, hata kama ni kurudi nyuma mita mia. Simama kila ukifika mpaka wa njia moja na nyingine, tazama pande zote mbili upya, ndipo uendelee. Simu iwe mfukoni na spika za masikioni zitoke. Kumbuka pia kwamba pikipiki huingia kwenye njia ya mabasi kinyume cha sheria, zikitokea upande usioutarajia.

Nikishuka daladala, kuna ubaya gani kushuka mahali popote ninapotaka?

Ubaya ni kwamba gari likisimama nje ya kituo halijakaa pembeni sawasawa, na bodaboda hupita kati yake na ukingo wa barabara. Abiria anashuka akiangalia nyuma kudai chenji, pikipiki inampitia. Kabla ya kushusha mguu, chungulia upande wa nyuma ya gari. Subiri lisimame kabisa. Konda anapogonga bodi na kusema "fasta fasta, dada", ukumbuke yeye anashuka mara mia kwa siku na mwili wake umezoea, wewe hujazoea. Mjibu tu, "Ngoja anko, nashuka taratibu." Hakuna konda atakayekutupa nje.

Ukishashuka, usivuke mbele ya gari ulilotoka. Hilo ndilo kosa linaloua watoto. Dereva wa gari linalolipita lako hakuoni, nawe humwoni. Acha gari liondoke, barabara ionekane yote, ndipo uvuke. Kwa Barabara ya Mandela ongeza uangalifu maradufu, maana ni njia ya malori ya bandarini, na lori lenye kontena haliwezi kusimama ghafla kwa sababu yako. Maeneo ya Buguruni na Tazara usivuke kwa kufuata mkumbo, maana mkumbo una watu wenye mbio na wewe una begi.

Saa zipi niziepuke?

Asubuhi kuanzia saa 12 hadi saa 3 kwa anayeingia mjini, na jioni kuanzia saa 10 hadi saa 2 usiku kwa anayetoka. Ijumaa jioni huanza mapema. Siku za mwisho wa mwezi, na zile za kabla ya Idi na Krismasi, Kariakoo haipitiki. Kama shughuli yako haina saa maalumu, toka saa 4 asubuhi urudi saa 8 mchana: utakaa kwenye siti, utaona kituo chako kikija, na hutabanwa na mtu. Kwa kweli hakuna ushauri wa usalama unaoushinda huu. Wizi, kukanyagana na kudondoka mlangoni vyote vinaishi ndani ya saa hizo chache za msongamano.

Kugeuza na gari ni nini, na ni vizuri?

Jioni pale Posta au Kariakoo utaona watu wanapanda gari linaloingia mjini, vituo kadhaa kabla ya mwisho, wakakaa, likafika likageuza nao ndani. Wanalipa nauli mara mbili lakini wanapata siti bila kugombania mlangoni. Naipenda njia hii kwa mjamzito, kwa mwenye mtoto, kwa aliyefanyiwa upasuaji, kwa mtu mzima. Nauli ya ziada ni ndogo kuliko gharama ya kiwiko kwenye tumbo. Sema mapema, "Konda, nageuza nalo," ulipe, asije akakushusha.

Kijana mwenye afya akigeuza kila siku anamnyima siti mama aliyesubiri kituoni kwa saa nzima. Hilo ni la dhamiri ya mtu, ila nalisema.

Konda ametushusha njiani akisema gari haliendelei. Nina haki gani?

Kukatisha ruti ni kosa. Gari lililoandikwa Tegeta linatakiwa lifike Tegeta. Mkiwa bado ndani, mna nguvu. Kataeni kwa pamoja, bila matusi, mdai kupelekwa au kurudishiwa nauli. Abiria mmoja akilalamika anaonekana mkorofi, lakini gari zima likisema "turudishie hela zetu", hela hutoka. Andika namba ya gari, ruti na saa, uwasilishe LATRA au kwa trafiki aliye karibu. Namba za kupiga hubandikwa ndani ya magari mengi, basi ipige picha siku ambayo huna shida, ili siku ya shida uwe nayo.

Ikiwa ni usiku na mahali hapana taa, usibaki mkigombana barabarani. Chukueni usafiri mwingine kwa kundi, malalamiko yapelekeni kesho.

Simu na mkoba nivibebeje?

Begi la mgongoni linageuzwa mbele ukifika kituoni, kabla hujapanda. Simu inakaa mfuko wa ndani au ndani ya begi lililofungwa zipu, si mfuko wa nyuma wa suruali. Ukikaa dirishani na gari likasimama kwenye foleni, usichati huku kioo kikiwa wazi: mkono unaingia, simu inaondoka, na wewe umebanwa na watu huwezi hata kusimama. Kama lazima upige simu, funga kioo kwanza.

Wizi mwingi hutokea mlangoni. Wawili watatu wanajifanya wanagombania kupanda, mmoja anakubana mbele, mwingine nyuma, kisha ghafla wote "wanabadilisha mawazo" na kushuka. Ukihisi kubanwa kusikolingana na idadi ya watu waliopo, rudi nyuma kabisa uliache gari hilo. Na ukiibiwa usikimbize mtu peke yako vichochoroni. Simu hununuliwa tena. Nenda kituo cha polisi upate RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, zuia laini yako kwa mtandao wako, na uzuie akaunti ya pesa ya simu siku hiyo hiyo.

Ukiwa unatembea kando ya barabara, mkoba ukae upande wa mbali na magari. Wapo wanaopora wakiwa juu ya pikipiki.

Bodaboda ndiyo ya haraka. Kuna ubaya?

Kwa njia ya mtaani, kutoka kituoni hadi nyumbani, bodaboda inasaidia mno na wengi hatuna namna nyingine. Kwa kuvuka jiji, kutoka Mbezi hadi Posta kwa mfano, jibu langu ni hapana. Wodi za MOI, taasisi ya mifupa iliyo pale Muhimbili, zinapokea majeruhi wa pikipiki kila siku, wengi wakiwa vijana, na mguu uliovunjika mara tatu humwondoa mtu kazini kwa mwaka mzima, pengine kwa maisha.

Ukilazimika, chagua dereva wa kijiwe kinachojulikana, anayefahamiana na wenzake, badala ya anayepita. Vaa helmeti na uifunge kidevuni, maana isiyofungwa huruka kabla yako. Usikubali mshikaki, hata kama wa tatu ni ndugu yako. Na useme kabla hajawasha: "Kaka, sina haraka, twende taratibu, usipite njia ya mwendokasi wala usipite taa nyekundu." Akikunja uso, kuna wengine pale kijiweni. Mtoto mdogo asipakiwe mbele kwenye tangi. Naliona hili kila siku mashuleni na halijawahi kuacha kunitia hofu.

Na bajaji?

Ni afadhali kuliko pikipiki, mvua haikunyeshei sana, na kwa watu watatu gharama inagawanyika. Usikae mbele pembeni ya dereva. Shukia upande wa kushoto, ulio karibu na ukingo. Kama umeita kwa programu ya simu, linganisha namba ya usajili kabla ya kupanda. Kama umeipata barabarani, patana bei kwanza.

Mtu mwenye gari binafsi amesimama kituoni anasema anapakia kwa nauli ya daladala. Nipande?

Mchana, kwenye msongamano, watu hupanda na wengi hufika. Ushauri wangu ni kuliacha, hasa jioni. Mbinu inajulikana jijini: ndani kuna "abiria" wawili ambao ni wenzake na dereva, milango inafungwa, na safari inaishia kwenye mashine ya kutolea pesa au porini. Gari la kubeba abiria lina namba nyeupe, ruti iliyoandikwa, konda na watu wa kituoni wanaolijua. Gari la mtu halina hata kimoja cha kukusaidia kulitafuta baadaye.

Mwanaume ananibana na kunigusa makusudi ndani ya gari. Nifanye nini?

Sema kwa sauti, mara moja, mbele ya watu: "Kaka, toa mkono wako!" Usinong'one wala usisubiri uhakika wa pili. Anayefanya hivyo anategemea aibu yako, na aibu ikihamia kwake atashuka kituo kinachofuata. Akina mama waliomo watakuunga mkono, karibu daima. Sogea karibu na wanawake wenzako au mwambie konda akubadilishie mahali. Ikizidi hapo ni kosa la jinai, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Nanyi wanaume mliomo garini, msigeuzie uso dirishani. Neno moja la mzee aliyekaa siti ya mbele linatosha kumaliza jambo.

Mwanangu anasoma mbali. Namwandaaje kupanda daladala peke yake?

Panda naye siku kadhaa, na siku za mwisho yeye ndiye atangulie, aite gari, alipe, aseme "shusha". Mfundishe vituo viwili kabla ya chake ili ajiandae. Awe na sare na kitambulisho, na nauli kamili mkononi. Makonda wengine huwazuia wanafunzi mlangoni kwa kuwa nauli yao ni ndogo, na watoto hujibu kwa kurukia gari likiwa linatembea. Hapo ndipo hatari ilipo. Mwambie waziwazi kwamba kuchelewa shule hakutamletea adhabu nyumbani. Mtoto anayeogopa fimbo ya kuchelewa atarukia gari lolote.

Wapange wawili au watatu wa mtaa mmoja wasafiri pamoja. Na wewe mtu mzima uliye kituoni, ukiona konda anamsukuma mwanafunzi, mshike mtoto mkono mpande pamoja.

Mvua ikinyesha?

Masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba, jiji hubadilika. Bonde la Msimbazi pale Jangwani hujaa maji, na Barabara ya Morogoro imefungwa hapo mara nyingi, mwendokasi ikakatishwa Magomeni. Ikiwa imenyesha usiku kucha, uliza hali ya Jangwani kabla ya kutoka. Kama pamefungwa, anayetoka Kimara anaweza kushuka Ubungo akapita Mandela hadi Buguruni, au kupitia Mwenge na Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Njia hizo nazo zitajaa, kwa hiyo anayeweza kuahirisha aahirishe.

Usivuke kwa miguu maji yanayotiririka, hata yakiwa ya magoti. Mitaro ya Dar mingi haina mifuniko, na chini ya maji ya kahawia hujui lami inaishia wapi. Na dereva wa daladala akitaka kupitisha gari kwenye maji hayo, shukeni.

Kwenda Kigamboni kuna njia ngapi?

Kutoka katikati ya jiji, kubwa ni mbili. Kivuko cha Magogoni, jirani na soko la samaki na kituo cha mwendokasi cha Kivukoni, na Daraja la Nyerere la Kurasini lililofunguliwa Aprili 2016. Kivuko ni dakika chache majini, lakini foleni yake asubuhi na jioni ni ndefu. Panda kwa miguu, usibaki ndani ya gari. Subiri mlango wa chuma utue chini kabisa, kaa mbali na magari yanayopangwa, na ujue maboya yako wapi kabla hakijaondoka.

Kikijaa, subiri kinachofuata. Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, ikiwa imejaza kupita kiasi, na zaidi ya watu 220 walikufa wakiwa karibu kabisa kufika ufukweni. Ile ilikuwa safari fupi pia.

Treni je?

Treni ya mjini ya Shirika la Reli ilianza Oktoba 2012, na watu waliipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Mwakyembe. Kwa wanaoishi kandokando ya reli kuelekea Pugu inakwepa foleni yote ya Nyerere, ila ina safari za asubuhi na jioni tu, basi ulizia ratiba stesheni. Usitembee relini wala kupanda ikiwa inatembea. Treni ya umeme ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, iliyoanza kwenda Morogoro Juni 2024, ni ya mikoani. Kwa safari hiyo fika stesheni mapema, ukihesabu foleni ya mjini ndani ya muda wako.

Dereva anakimbiza au anaongea na simu. Nikisema si nitatukanwa?

Pengine. Sema tu. "Dereva, tunaomba upunguze mwendo" ikitoka kwa mtu mmoja huwa inafuatwa na sauti za wengine waliokuwa wakiogopa kimya. Asiposikia, shuka kituo kinachofuata na uripoti namba ya gari. Kwa ajali au dharura piga 112, na kwa zimamoto na uokoaji 114. Nauli uliyopoteza haina uzito wowote hapo.

Nampeleka mgonjwa Muhimbili kutoka Mbezi. Njia ipi ni nyepesi?

Kama anaweza kukaa na kutembea kidogo, pandeni mwendokasi mpaka Fire, kisha bajaji kutoka hapo hadi hospitali, maana si mbali. Pandeni pale basi linapoanzia, likiwa tupu, ili apate siti. Omba watu wakupishe kwa sauti ya kawaida, "Jamani, nina mgonjwa," na njia itafunguka, hilo sina shaka nalo hata saa za msongamano. Kama hawezi kukaa, usimweke kwenye daladala wala bodaboda. Changeni hela ya gari. Kliniki za asubuhi zinahitaji mtoke saa 11 alfajiri, na kurudi muondoke kabla ya saa 9 alasiri. Ikishapita hapo, mpumzisheni hospitalini mpaka baada ya saa 2 usiku, mbebe maji ya kunywa na kanga ya kumfunika, kisha mchukue bajaji hadi Fire.